Pikapu ya baba ilipoacha kutoa moshi

Wakuu, salamu kutoka Sosiot.

Nimesoma mabishano yenu ya dizeli na moshi, nikaona nilete yangu. Ni mambo ya kwetu nyumbani, miaka ya tisini, na sitatia chumvi.

Baba alikuwa na pikapu ya dizeli ya kubeba majani chai na mikebe ya maziwa. Moshi wake, jamani! Ukiifuata nyuma unapiga chafya nyeusi.

Lakini kwa mafuta ilikuwa bahili. Tangi moja ilimaliza kazi ya wiki na bado ikabaki ya kutufikisha Sigor, kwa mama yake mama. Tulienda karibu kila mwezi.

Huyo nyanya tulimwita Kogo. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Watu hakuwatambua kutoka mbali, ila ule moshi kwenye mteremko aliuona. Tukifika tunamkuta kwa geti na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, anacheka peke yake. Mama alikuwa anashuka hata kabla gari haijasimama vizuri.

Basi traffic wakaanza kukaza. Pikapu ikaenda inspection, ikaanguka kwa sababu ya moshi. Fundi mmoja wa Kericho mjini akapunguza dizeli kwa pampu, nayo ikapigwa sili isifunguliwe. Baba akarudi amefurahi.

"Gari imebita!"

(Sisi Wakipsigis na hiyo herufi ya P, tuacheni tu.)

Ilipita kweli. Moshi kwisha, nguvu pia kwisha. Vilima vya huku mnavijua. Sasa ikawa ni gia ya pili, inanguruma mpaka juu, na tangi inakauka kabla wiki haijaisha. Ya Sigor haikubaki.

Mama alivumilia miezi, halafu akashindwa.

"Baba Chebet, si ufungue hiyo bambu kidogo tu? Nimemiss mama."

"Na wale watoto wa shule wanafunika pua na sweta nikipita? Hao si watoto wa watu?"

Mimi niliwaona wote wako sawa, na hiyo ndiyo iliniuma.

Tulienda Krismasi. Kwa geti hakuna mtu. Kogo alikuwa ndani, amekaa karibu na mlango, kibuyu miguuni. Mama akamshika mikono. Kogo akasema kwa Kipsigis, nawatafsiria:

"Nimetafuta moshi tangu asubuhi. Nikasema gari imepita, haisimami kwangu tena."

Mama alilia kama mtoto mdogo. Hawakuonana tena, Kogo alituacha kabla ya mvua ndefu.

Siku hizi mimi pia naendesha dizeli. Haina moshi na mafuta inakula kidogo, yote mawili pamoja. Natamani baba angeipata hii wakati ule.

Sheria ya moshi siipingi, wakuu, mapafu ni mapafu. Funzo langu ni dogo tu: ukirekebisha gari, mkumbuke pia yule anayekungoja. Wenye dizeli za zamani, nyinyi mlijulikana kwa kitu gani mkikaribia nyumbani? Tiririkeni hapa chini.

Mimi nalala mapema, kesho nampeleka mama Sigor. Ameniuliza kama hii gari yangu inaweza kutoa moshi, hata kidogo, tukifika kwa ule mteremko.