Hakuna Khabari, Salama Tu

Kwetu Maskati mgeni akiulizwa khabari hujibu hakuna, salama tu, hata kama amekuja kutangaza msiba. Atakunywa kahawa kwanza, na akishaulizwa tena ndipo atasema nani kafa. Kila mtu anaijua ada hii. Mimi, bado mtoto wa skuli, nilimjibu shangazi yangu mlangoni, mbele ya wageni, kwamba khabari ni mbaya, choo kimeziba na mama analia. Nilifinywa mpaka nikabaki na alama. Hadi leo sielewi kwa nini mtu aulize jambo asilotaka kulijua.

Miaka yote niliitwa mkaidi. Juzi juzi tu, nywele zimeshaingia mvi, daktari akaniambia nina usonji: akili yangu hushika mambo kwa picha, na neno hulichukua kama lilivyotamkwa. Dada yangu mkubwa aliposikia alisema, "Usonji gani? Ubishi tu huo." Lakini ni yeye aliyekuwa akinitoa mtaani kwetu Darsait kwa gari kila wiki kunipeleka mtaa wa Qurum, darasani.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akiwafundisha watu wetu, Waomani tuliolelewa kwa Kiswahili, fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, bila ya hesabu, kwa lugha yetu hiyo, sebuleni kwake. Nililitaka darasa lile kuliko kitu chochote. Hesabu zilinishinda tangu utotoni. Zile herufi zinazokaa mahali pa namba hazikunipa picha yoyote. Nikasema, hapa ndipo pangu.

Kumbe bila ya hesabu maana yake ni kwa mifano, na mifano ndiyo inayoniua.

"Elektroni, chembe ya umeme, ikikuta matundu mawili," alisema mwalimu, "ni kama mgeni aliyealikwa harusi mbili usiku mmoja, akaenda zote mbili kwa wakati mmoja. Mmefahamu?"

"Tumefahamu!"

"Alikula wapi?" niliuliza.

Sebule nzima ilicheka. Sikuwa nikifanya mzaha. Mgeni hula kwenye sahani fulani, huvua viatu kwenye mlango fulani. Kama elektroni haifanyi hivyo, basi si mgeni, na tumwache mgeni wa watu kwa amani yake.

Nyumbani nilijaza maji kwenye sinia kubwa la wali, nikawa nayagonga kwa vidole viwili kwa pamoja. Mawimbi yalipokutana nikaona mistari: hapa maji yanaruka, hapa yametulia kabisa ingawa mawimbi yanafika kutoka pande zote mbili. Ndiyo mistari ileile aliyotuonesha mwalimu pichani, pale elektroni zilizopita matunduni zilipopiga kwenye ukuta. Nilifurahi hadi nikalia, peke yangu jikoni. Halafu nikakwama. Mimi nilikuwa na vidole viwili. Elektroni, alitwambia mwalimu, hutumwa moja moja, na mistari hutokea vilevile. Hiyo moja inakutana na nani?

Wiki iliyofuata niliuliza.

"Dada yangu," aliniambia mwalimu, "hilo bila ya hesabu halisemeki."

"Kwa hiyo hatujafahamu."

"Wenzako wamefahamu."

Nikamgeukia bwana aliyekaa karibu yangu, daktari mzima wa moyo, aliyekuwa akiitikia kwa sauti kuliko wote. "Wewe umefahamu nini?" Nilitaka kujua kwa dhati, huenda angenisaidia. Yeye akatazama finjani yake. Mke wa mwalimu akaanza kuzungusha halua ambayo kila mtu alikuwa ameshakula.

Usiku ule mwalimu alimpigia simu dada yangu. Alisema nije, nyumba ni yangu, lakini nikae nisikilize tu. Nikiuliza tena, nisirudi.

"Kwani kusema nimefahamu kunakutoa nini?" dada alinigombeza. "Wote wanasema!"

Hilo ndilo lililonichoma. Nilijua wote wanasema. Nilijua pia kwamba hakuna sebule nyingine Maskati nzima ambapo jambo lile linazungumzwa kwa lugha ninayootea ndoto.

Nikarudi. Mwalimu akaleta mfano wa sarafu inayozunguka, mbaya kuliko wa mgeni. Maswali yalinijaa kifuani nikawa nayameza moja moja.

"Mmefahamu?" aliuliza, akinitazama mimi.

"Nimefahamu," nikasema.

Akatabasamu. Daktari wa moyo akaitikisa finjani yake, kuonesha ametosheka kahawa, nami nikatikisa yangu.

Dada alikuwa akinisubiri garini.

"Enhe, khabari za darasani?"

"Hakuna khabari. Salama tu."

Alinigeukia, akanipiga kofi la furaha gotini. "Alhamdulillahi! Umeona? Wala huna ugonjwa wowote."

Nikangoja aniulize tena, kama mgeni anavyoulizwa baada ya kahawa. Akawasha gari.