Taa Nyekundu Upande wa Kulia

Saa mbili na nusu asubuhi, Marva Uriarte anainua birika la maji baridi na kuyamimina yote juu ya usukani wa pikipiki ya mteja wake, pale pale alipomaliza kufunga kitufe kipya cha redio.

Mteja, daktari wa meno aliyekuja kutoka Boise kwa kazi hiyo tu, anaruka kutoka kwenye kigoda.

"Mama! Mama, unafanya nini? Mpya hiyo!"

"Najua ni mpya, nimeifunga mimi," anajibu Marva bila kumtazama. "Mvua ya mlimani haitakuuliza umeinunua lini. Kaa chini."

Daktari anakaa. Marva anageuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, anatikisa nyaya, anatega sikio. Redio ya majaribio iliyo juu ya benchi iko kimya. Taa ndogo nyekundu iliyo kando ya saa ya spidi haiwaki. Anamwaga birika la pili bila haraka yoyote, huku mwenye mali amejishika shavu kama mtu anayeumwa jino.

"Haya," anasema. "Sasa unaweza kulipa."

Hapa Salmon, jimbo la Idaho, wenye pikipiki kubwa za safari ndefu wote wanaijua gereji hii iliyo nyuma ya duka la malisho ya ng'ombe. Simu ya mkononi inakufa mara tu unapoliacha daraja la mwisho la mji, kwa hiyo watu wa milimani hutumia redio za ridhaa, zile ambazo mtu hufanya mtihani wa serikali na kupewa herufi zake kabla hajaruhusiwa kufungua mdomo hewani.

Marva, mwenye umri wa miaka 63, alikuwa fundi wa nyaya za simu mpaka kampuni ilipopunguza watu. Sasa anatoza dola 180 kwa pikipiki moja. Kiangazi hupata pikipiki saba au nane kwa mwezi. Theluji ikianguka hapati hata moja, na anashonea watu mapazia.

"Kazi yenyewe si ya ajabu," anaeleza huku akifuta maji. "Waya wa umeme unatoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake. Antena inakaa nyuma, juu ya sanduku la mizigo. Spika na kipaza sauti vinaingia ndani ya helmeti. Kitufe kinakaa hapa kwenye kidole gumba. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikiliza. Vyote viwili kwa pamoja haiwezekani."

Anarudia maneno hayo ya mwisho polepole. Namuuliza, na taa nyekundu?

"Taa inakuambia kwamba uko hewani. Dunia nzima inakusikia," anasema. "Kama unaiona."

Habari ya birika ilianza Juni mwaka jana. Watu wa mji huu wamekwisha kuisikia mara nyingi, lakini kila inaposimuliwa bado wanashika vichwa. Mimi niliposimuliwa kwa mara ya kwanza nilisimama wima, kahawa ikanimwagikia.

Siku hiyo klabu yao, pikipiki kumi na mbili, ilikuwa inavuka mlima Tamarack kwenda kula nyama ya kondoo na pai upande wa Montana. Mbele alikuwa Delfin Uriarte, mume wa Marva, mtoto wa mchunga kondoo wa Kibasko kutoka milima ya Hispania, ambaye amewaongoza tangu klabu ianzishwe. Mwisho kabisa alikuwa Marva. Wenyewe wanamwita mkia. Kazi ya kiongozi ni kuwaambia wenzake kilichopo mbele: kokoto barabarani, kulungu, gari la magogo. Kazi ya mkia ni kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Mkia haumpiti kiongozi. Hiyo haikuandikwa popote, lakini jaribu uone utakavyosemwa.

"Tukiwa tunapanda niliona jambo," anasimulia Thayne Hokanson, mpeleka barua mstaafu, ambaye siku hiyo alikuwa wa pili, nyuma tu ya Delfin. "Kulungu dume amesimama kulia, mkubwa kama ng'ombe. Delfin akampita kimya, hakusema kitu. Nikajiambia, mzee leo amelala."

Walipofika kileleni mvua ikaanza. Walipoanza kuteremka, sauti ya Delfin ikajaa katika helmeti zote. Alikuwa anaimba wimbo wa baba yake, wa kuwaita kondoo.

Walicheka. Thayne akabonyeza kitufe amtanie, akaona hajibiwi. Wimbo ukaisha, redio haikunyamaza. Walisikia upepo, mvua ikigonga helmeti, mtu akihema.

"Marva," ilisema sauti ya Delfin. "Marva mke wangu, nina neno."

"Nikamjibu, sema mzee, nakusikia," anasimulia Marva. "Akasema, 'Hapana, sio hivyo. Nianze upya. Marva, kaa kwanza.' Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anafanya mazoezi ya kusema na mimi."

Kitufe kilikuwa kimeingia maji. Machi ya mwaka huo Delfin alilalamika kwamba glavu zake nene haziwezi kukibonyeza vizuri, naye Marva akaukata na kuutoa mpira uliokuwa umekifunika kuzuia maji. Maji yalipita hapo hapo. Redio ikawa inatuma tu, haipokei. Na redio moja ikikwama kutuma, wengine wote walio karibu nayo wamefungwa midomo. Watu kumi na mmoja walikuwa wanamsikia Delfin, na hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia.

Basi aliendelea. Waliokuwepo wanayakumbuka maneno yale vizuri, na walinipa kila mmoja kwa wakati wake.

"Marva, usinikasirikie. Ile Februari sikwenda kwa daktari wa meno. Nilikwenda kwa daktari wa kichwa, Idaho Falls. Nilipata kiharusi usingizini. Mikono mizima, miguu mizima, nikasema nimepona. Lakini upande wa kulia umefutika. Macho yote mawili. Nikikutazama usoni, mama, naona nusu yako."

Kisha akasema lile lililowakausha damu.

"Daktari amenikataza kuendesha hata toroli. Nafuata mstari wa njano tu. Mstari uko kushoto, ule nauona. Nimalize hii moja, halafu nikupe funguo."

Huku Marekani magari hupita kulia, mstari wa njano ukiwa katikati ya barabara, na mteremko wa Tamarack una bonde upande huo wa kulia tangu kileleni mpaka mtoni. Hakuna ukuta. Kuna vibao vidogo vyeupe, basi. Na mtu aliyekuwa anawaongoza wenzake kumi na mmoja kwenye mvua, wakimwamini kila anapokata kona, alikuwa hakioni hata kibao kimoja.

"Nilimsogelea mpaka karibu na gurudumu lake la nyuma," anasema Thayne. "Nikapiga honi. Nikawasha taa na kuzima, kuwasha na kuzima. Unajua alifanya nini yule mchunga kondoo? Alinipungia mkono!"

Gari la magogo likatokea chini, linapanda. Delfin, aliyeung'ang'ania mstari wa njano kama alivyosema mwenyewe, hakusogea. Dereva alipiga honi ndefu. Thayne anasema kati ya kioo cha Delfin na magogo yale asingeweza kupitisha gazeti. Katika helmeti zote ikasikika sauti ya Delfin, ya mtu anayejisemea peke yake: "Karibu sana. Mungu wangu, karibu sana."

Marva alikuwa ameanza kupita watu.

Aliwapita mmoja mmoja, upande wa kushoto, juu ya mstari usioruhusiwa kuvukwa, na kila aliyempita alibana kulia kumpa njia. Anasema hakulia, wala hakuomba. Alikuwa anafikiria jambo moja tu.

"Ningempa ishara asimame, angesimama wapi? Pembeni. Pembeni ni kulia. Kulia ni bondeni. Ningemuua kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaona njia ni moja, nipite kushoto anakoona, nikae mbele yake, anifuate mimi badala ya mstari."

Ndivyo alivyofanya. Alipompita alitupa jicho kwenye usukani wa mumewe. Ile taa nyekundu aliyoifunga mwenyewe ilikuwa inawaka wazi kabisa. Aliifunga upande wa kulia kwa sababu kushoto hapakuwa na nafasi.

"Iliwaka muda wote," anasema Marva, na hapa anaweka birika chini. "Mtu mwingine yeyote angeiona. Nilikuwa najiambia labda amechoka, labda anatia chumvi. Nilipoiona taa ile nikajua kila alichosema ni kweli. Na mengine yote yakanijia. Alikuwa anagonga bega la kulia kila mlango. Alikuwa anaacha nusu ya sahani, viazi viko pale pale, namgombeza miezi minne kwamba amechoka na chakula changu. Kumbe hakuviona!"

Hewani, Delfin alikuwa anang'aka. "Huyu mwanamke amepatwa na nini leo? Mkia unakujaje mbele?" Kona moja ikapita, ya pili ikapita. Halafu wakamsikia anashusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Afadhali awe mbele yeye."

Marva alikwenda polepole mpaka chini, amebana kwenye mstari wa njano, taa ya nyuma ikiwaka. Wote walifika.

Kwenye mkahawa walivua helmeti na kukaa meza ndefu. Walichezea vijiko. Mhudumu alileta kahawa na pai ya matunda ya mlimani, akauliza kama kuna msiba. Delfin aliwatazama, akadhani wamechukia mkia kumpita kiongozi.

Kisha akamgeukia mkewe. "Marva," alisema, "kaa kwanza."

"Nimekaa," alijibu Marva.

Akasema yote. Daktari wa meno ambaye hakuwa wa meno, Idaho Falls, nusu ya uso, mstari wa njano. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, na watu wazima kumi wameinamia pai zao. Thayne anasema aliuma kijiko. Marva alimwacha afike mwisho.

"Lete funguo," alisema.

Delfin akazitoa mfukoni, akaziweka mezani.

"Sasa nenda nje ukaangalie taa yako."

Walimtazama dirishani. Aliizunguka pikipiki, akainama, akageuza kichwa chote kulia kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Alisimama pale na mvua ikimnyeshea. Aliporudi ndani uso ulikuwa mwekundu kuliko taa yenyewe.

"Mmesikia yote?"

"Yote," alisema Thayne. "Na kuimba pia. Kondoo wangekukimbia."

Hakuna aliyecheka sana. Thayne anakiri kwamba siku hiyo alimpenda rafiki yake na alitaka kumtia ngumi, na hajui kipi kilikuwa kikubwa zaidi. "Nina wajukuu watano," anasema. "Alinipeleka ukingoni huku anaona nusu ya dunia, na alikuwa anajua. Ilinichukua mpaka Septemba kumsamehe."

Delfin alirudi nyumbani kwa gari la kukodi. Alirudisha leseni yake mwenyewe. Kwa miezi mitatu hakushika redio, hata ile ya jikoni, kwa aibu. Marva naye alinuna kwa namna yake: aliondoa kila kitufe alichowahi kumfungia mtu, akakifunga upya kwa mpira mzima, bila malipo, na birika likaanza kazi.

"Niulize nilikuwa namkasirikia nani," anasema. "Yeye kwa kunificha, au mimi kwa kukaa naye nyumba moja nisione. Mimi ndiye mwenye macho mazima."

Yule daktari wa meno wa Boise amekwisha kuondoka. Marva anavuta turubai kwenye kona ya gereji. Chini yake ipo pikipiki yake, na ubavuni mwa pikipiki kigari cha gurudumu moja, chenye kiti, kioo cha mbele na antena ndefu. Ameponda akiba ya msimu mzima wa mapazia kukinunua. Mwezi wa saba klabu inavuka Tamarack tena, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na wamekubaliana kwamba kiongozi ni Marva. Sauti itakuwa ya Delfin.

Mwenyewe anaingia kutoka jikoni na sahani ya soseji, anagonga bega la kulia mlangoni, anatukana kidogo kwa Kibasko. Anaketi kwenye kigari bila kukaribishwa.

"Kulungu wa kulia ni wako," anamwambia mkewe. "Wa kushoto niachie mimi."

"Nitakuachia hata dubu. Kaa sawa, nataka kujaribu kitu."

"Marva, vigari hivi vinafungwa kulia siku zote?"

"Siku zote."

"Kwa hiyo nikikaa humu wewe uko kushoto kwangu. Safari nzima." Anamtazama kutoka alipo, bila kugeuza shingo. "Basi nitakuona wote."

Marva ana bisibisi mkononi na hajui la kufanya nayo. Anaifuta kwenye suruali, anaifuta tena.

"Bonyeza kitufe, mzee," anasema mwishowe, kwa ukali.

Delfin anabonyeza. Kwenye dashibodi ya kigari, kushoto kabisa, taa nyekundu inawaka.

"Naiona," anasema, na sauti yake inatoka pia kwenye redio ya benchini.