Risasi ya Fundi Hategekimana

Hategekimana wa Nkwenda alikuwa fundi redio, na mwaka ule wa tisini na nne fundi redio pale hakukosa kazi, ila raha aliikosa. Wakimbizi walikuwa wakimiminika kutoka Rwanda, na kila alasiri redio ilisoma majina ya watu wanaotafutana. Redio ya mtu ikinyamaza wakati huo, ni kama kufiwa upya.

Mukamusoni alimletea ya kwake muda mfupi kabla ya kipindi. Mjane huyo alivuka mpaka na mabinti wawili wadogo. Mwanawe wa kwanza, Celestin, aliwapotea njiani. Akaiweka redio mezani, akasema kwa Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwa fundi pia, "Leo wanasoma majina ya watoto. Nisaidie, fundi, nimekwisha." Akaketi kizingitini na wanawe.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo: waya mmoja ndani umeachia, wa kulehemu tu. Lakini alehemu na nini? Chuma chake cha zamani, cha kupasha kwenye makaa, kilishaliwa ncha yote. Kilichobaki ni kile kipya cha Shaaban, mwenye duka la jirani: kikasha chenye kitufe cha kuzungusha na namba nyekundu za kuonyesha joto, alichokipata Kampala kwa bei ya kutupa. "Kijaribu, fundi," Shaaban alimwambia asubuhi. "Ukisema kinafaa, naagiza vingine." Akamvutia na umeme wa jenereta ya dukani.

Basi akakiwasha. Namba zikapanda kwa madaha, mia mbili, mia tatu, mia tatu hamsini, zikatulia. Akagusisha waya wa risasi, ile ya kulehemu. Haukuyeyuka. Akaongeza joto, namba zikapanda tena, waya ukalainika kidogo tu, ukakataa kushika. Jasho likamtoka. Sasa amwamini nani, namba au macho yake? Akaziamini namba, maskini, kwa kuwa zilikuwa za kizungu na zinang'aa. Kama joto lipo, basi mbaya ni waya. Akapaza sauti kuishinda jenereta, kwa Kiswahili:

"Shaaban, lete risasi! Hii yangu haifai, lete haraka!"

"Risasi kiasi gani?" Shaaban akauliza kutoka dukani.

"Zote ulizo nazo!"

Kiswahili cha Mukamusoni kilikuwa cha kuombea maji na chumvi. Lakini risasi ya bunduki kwao ni isasu, na neno hilo alikuwa amelisikia vya kutosha. Hategekimana hakumwona akiinuka, macho yalikuwa kwenye ile ncha. Ndipo alipogundua kwamba pete inayoibana imelegea, ncha inachezacheza, joto lote limebaki nyuma na namba zinajisemea tu. Akaikaza kwa koleo. Risasi ileile aliyoitukana ikayeyuka kama samli, waya ukashika, redio ikakoroma, ikasema.

"Celestin, mwana wa Mukamusoni, yu hai. Yuko Ngara, anamtafuta mama yake."

"Umesikia, mama?" Akageuka. Kizingiti kitupu.

Shaaban alikuwa anaingia na bunda la waya mkononi. "Yule mama kapita mbio na watoto," akasema. "Umemfanya nini?"

Hategekimana akalitazama lile bunda, akaelewa. Akachomoka nje, koleo bado mkononi. Aliwaona mbele kwenye barabara ya mpakani, akaita kwa nguvu zake zote, kwa Kinyarwanda, jina la yule mama na la mwanawe.

Mukamusoni aligeuka mara moja tu. Aliona mwanamume anamjia mbio, ana chuma mkononi, anamwita kwa jina, kwa lugha ileile ya wauaji waliokuja nyumbani kwake. Akamtupa mdogo mgongoni, akamkamata mkubwa mkono, wakaiacha barabara wakazama migombani. Na kadiri fundi alivyozidi kumwita kwamba Celestin yu hai, ndivyo mama alivyozidi kukimbia.