Mifuko Aliyoiacha Fundi

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mimi nikamwita hivyo. Alishona sare za shule, mapazia, suruali zilizopasuka makalio. Mteja akileta suruali ya namna hiyo alimwambia, "Baba, suruali haina kosa. Punguza kukaa." Halafu akacheka kabla ya mteja.

Kila mshono aliupitisha mara mbili. Ukimharakisha, alikujibu, "Nenda kwa anayeshona mara moja. Utarudi."

Risasi zilikuwa zimezidi mtaani. Baraza la mji likafunga baa mapema, likaweka taa vichochoroni. Halafu likatangaza mwenye bunduki aisalimishe, hataulizwa kitu. Hakwenda mtu. Nani apite barabarani na bunduki, majirani wakimtazama?

Diwani wetu alikuja kupunguziwa suruali kiuno, akalilalamikia jambo hilo. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa.

"Kila nyumba ipewe mfuko," akasema. "Mifuko yote iwe sawa. Asiye na bunduki atie chuma chochote, aje nacho. Nani atajua nani kabeba nini?"

Diwani aliondoka, akasahau suruali yake. Kesho yake likaletwa robota la turubai ya kijani.

Alishonea sebuleni, karibu na dirisha, apate mwanga. Jioni moja watu walirushiana risasi pale kona. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nikasikia cherehani imenyamaza. Nikamwita. Nikaenda na vikombe vyote viwili.

Aliyepiga hakujulikana.

Baada ya mazishi diwani alikuja akasimama mlangoni. "Mzee, sina uso wa kukuuliza."

"Uliza."

"Mifuko haijatosha."

Binti yangu alikuwa anafagia. Akatupa fagio. "Baba, ichome moto! Aliyemuua mama atakuja na mfuko mkononi kama watu wengine, na sisi tutamsalimia. Hiyo mifuko inamficha."

Nikatazama cherehani. Turubai bado ilikuwa chini ya sindano.

"Nitamalizia," nikamwambia diwani.

Sijui kwa nini. Kazi ilikuwa pale. Kazi yangu ilikuwa kupaka nyumba rangi, cherehani nilijua kuitia mafuta tu. Uzi ulikatika, nikaunga. Nilipitisha mshono mara moja, nikachukua mfuko mwingine. Binti alikaa ananitazama. Hakunisaidia.

Siku ya kusalimisha tulipanga foleni uwanjani, mbele ya hema la baraza. Kila mtu na mfuko wa kijani. Watu walitaniana.

"Wewe, mbona unahema? Umebeba mzinga?"

"Vyuma vya kitanda. Leo mama watoto analala chini."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nalala chini tangu zamani."

Mimi nilitia pasi ya mkaa ya Fundi. Binti alikuwa kando yangu. Mbele yetu alisimama mama jirani, tunayepakana naye ukuta. Alikuwa rafiki wa Fundi, na msibani alilia kuliko sisi. Anaishi na mwanawe wa kiume. Huyo mwanawe sikumwona msibani.

Tulipokaribia hema, mfuko wa mama jirani ukafumuka chini. Bastola ikaanguka.

Mimi niliutazama mfuko kwanza. Mshono ulikuwa mmoja. Wangu.

Utani ukaisha. Waliokuwa nyuma wakageuza nyuso. Binti akanibana mkono hadi ukauma. Mama jirani akanigeukia.

"Shemeji," akasema.

Nikatoa pasi, nikaiweka chini. Mfuko wangu ulikuwa miongoni mwa ile aliyoshona Fundi. Nikautanua mdomo.

"Tia humu, shemeji."

Aliiokota kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaitia. Nikamkazia kamba ya mfuko. Akaingia hemani. Alipotoka alinirudishia mfuko mtupu, umekunjwa vizuri. "Shemeji," akasema tena. Akaenda zake.

Nikarudisha pasi mfukoni, nikaingia.

"Pasi tu, mzee?" karani akauliza.

"Pasi tu."

"Unaiacha?"

"Ni ya mke wangu."

Akaniashiria nipite.

Njiani binti alitembea mbele yangu. Tulipofika kona ileile, akageuka.

"Ulimwuliza ni ya nani?"

"Sikumwuliza."

"Baba, kwa nini?"

"Walisema hakuna kuulizwa."

Alilia hadi nyumbani. Mimi nilifungua mlango. Niliweka pasi mahali pake. Mfuko uliofumuka nilikuwa nimeuokota, nimeubana kwapani. Nikaketi dirishani, nikaupitisha mshono. Nilipofika mwisho nikaugeuza, nikaupitisha tena.