Mafuta ya Taa Miguuni

Kila nikijaza mafuta ya taa kwenye stovu, harufu yake hunirudisha kwenye njia ya mtoni, Jumapili moja baada ya kanisa. Baba mdogo, aliyetuchukua baada ya wazazi wetu kuzikwa, alikuwa akitupeleka sote tukale muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye mchanga wa mto. Kabla ya kuingia kwenye nyasi ndefu, mkewe aliwapaka watoto wake mafuta ya taa miguuni ili nyoka wasiwakaribie. Alipotufikia mimi na ndugu yangu mdogo, akafunga chupa.

"Yameisha," akasema. Chupa ilikuwa nusu.

"Huyu mdogo atangulie," akasema baba mdogo. "Nyoka akiuma wa mbele, sisi wa nyuma tunapona."

"Na hana mama wa kutupigia kelele," mkewe akaongeza. Wakacheka.

Nikapita mbele ya ndugu yangu. Tulipofika kwenye mawe, kitu nilichodhani ni majani makavu kikafoka kama tairi linalotoa upepo. Nikaona kichwa kipana na mwili mnene, mfupi. Mguu wangu ulikuwa bado hewani.

"Ni nyoka gani?" baba mdogo akauliza kutoka mbali.

"Kifutu."

"Mfukuze basi. Tuko na njaa."

Nikamrushia mawe mpaka akajikokota kichakani. Ndugu yangu akaja mbio kunishika shati. Nikautoa mkono wake, nikamrudisha katikati ya watoto wa baba mdogo, kwa sababu hapo ndipo watu wazima walikuwa wakiangalia asiumwe mtu.