Maneno Chini ya Picha

Hebu mwone anavyofika: mwanamke wa makamo anapanda ngazi taratibu, mkoba wa bisibisi begani, hedifoni shingoni. Watu humwita Nyaya. Ufundi wake hakuusomea popote. Aliupata kwa kufungua vyombo vibovu vya watu, na sifa yake ni moja: hajawahi kumficha mteja ubovu.

Mlango ulifunguliwa na mzee mjane, fundi saa mstaafu, ambaye masikio yake yalishachoka.

"Shikamoo, baba."

"Paza sauti, mwanangu. Humu hakuna aliyelala."

"Shikamoo!"

"Marahaba. Sasa nimesikia, na jirani naye kasikia."

Chini ya runinga kulikuwa na kompyuta ndogo iliyotunza video za familia yote. Zote zilicheza vizuri isipokuwa moja, ya marehemu mkewe akiwa kitandani hospitalini. Kila baada ya sekunde kumi picha iliganda, na kiduara kikaanza kuzunguka juu ya paji la uso la mama yule.

"Anaanza kuniambia jambo, anakatizwa," mzee alisema. "Nimebadilisha waya, nimepuliza vumbi. Wapi."

Nyaya alipima mtandao: mzima. Akashusha ubora wa picha: bado. Alipofungua ukurasa wa mipangilio akakuta kompyuta inahema, nguvu zake zote zimekwisha. Ndipo akazima maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya picha, na video ikateleza mpaka mwisho.

"Na maneno je?" mzee akauliza. "Bila maneno, mimi naangalia samaki."

Nyaya akamweleza kwa sauti ya juu, akisaidia kwa mikono. Runinga ile haikuweza kuonyesha maandishi ya aina hiyo, kwa hiyo kompyuta ililazimika kuyashona kwenye picha papo hapo, huku video inacheza. Kazi hiyo iliizidi. Dawa ilikuwa kuyashona yote kabla, mara moja tu, ibaki video moja isiyoitesa mashine.

"Shona basi. Hayo niliyaandika mwenyewe, wiki tatu nzima, kwa kusoma midomo yake. Miaka arobaini na moja nimeishi na midomo ile, sitaijua?"

Nyaya hakushona kitu bila kukisikiliza. Akavaa hedifoni, ahakikishe maneno yanakwenda sambamba na sauti. Dakika ya nne, chini ya picha paliandikwa: "Siogopi. Nenda nyumbani ukapumzike."

Masikioni mwake mama yule alisema, "Naogopa. Usiende nyumbani leo."

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, na tena.

Mzee alisogeza kiti. "Hapo ndipo aliponiruhusu," alisema polepole. "Nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta kitanda kimeshatandikwa. Maneno hayo ndiyo yananishika mpaka leo."

Kidole cha Nyaya kilikuwa juu ya kitufe cha kuanza kushona.

"Wewe masikio yako mazima," mzee akaendelea. "Niambie kweli, mwanangu. Niliandika sawasawa?"

Akainama mbele, macho yake yametulia kwenye midomo ya fundi, akisubiri isogee. Na wewe unayenisikiliza, kama ingekuwa midomo yako, ingesema nini?