Beberu Aliyenunuliwa kwa Mabati

Ukiwauliza watu wa Karurumo Naftaly Njuki alipataje mali yake, wengi watakuambia ni kwa beberu. Hawasemi uongo, ila wanaruka pale panapouma. Beberu huyo alinunuliwa kwa pesa za mabati, na mabati yenyewe yalikuwa ya mkewe, Regina.

Mwaka wa 1993 akina mama wa kijiji chao walikuwa na chama cha kuezekeana nyumba. Walichanga kila mwezi, na zamu ya mmoja ikifika alikabidhiwa pesa, akanunua mabati, kisha wenzake wakaja kumwimbia siku ya kuezeka. Regina alikuwa amesubiri kuliko wote. Nyumba yake ya nyasi ilivuja hata mvua ya rasharasha, na kitanda kilikuwa kimehamishwa kona zote nne kama mgeni asiyejua pa kukaa. Zamu yake ilipofika, ndipo mumewe akarudi kutoka harusini huko Meru na habari za mbuzi wa maziwa.

Alikuwa amemwona kwa macho yake mbuzi akijaza jagi asubuhi na jioni. Mbuzi wa Karurumo, kwa kweli, walikuwa wa kuchinjwa Krismasi na kulipia mahari. Ukimkamua mmoja hupati hata ya kutia chai rangi. Njuki alitaka beberu wa aina ile ya Meru ili mbuzi wa kijiji kizima wabadilike. Alibembeleza mpaka Regina akachoka.

"Chukua," Regina alimwambia. "Lakini Baba Muturi, hiyo pesa ni ya mabati. Inarudi kuwa mabati, haitoki nyumbani kwenda kutembea."

Wenzake wa chama walikuja kuangalia mabati wakaonyeshwa mbuzi. Walisubiri wafike njiani ndipo wacheke. Regina aliwasikia. Aibu ile aliibeba muda mrefu, na sidhani kama kuna siku aliisahau.

Sasa, kuna jambo ambalo Njuki alilijua vizuri na bado akanunua. Katika vijiji vile, tangu zama za babu zao, beberu hakulipishwa. Alizurura, akapanda mbuzi aliowakuta, na mwenye kudai malipo angeitwa mchoyo mpaka kwenye mazishi yake. Kwa hiyo majirani walipoanza kuleta mbuzi wao waliotaka dume, Njuki hakuwadai chochote ila mzigo wa majani ya nepia wa kumlisha mume wa mbuzi zao. Wakati wa kuzaa ulipofika aliitwa huku na kule, akaenda. Aliwavuta wanambuzi waliokwama, akakata kwato, akawaonyesha watu jinsi ya kujenga banda lililoinuliwa ili mbuzi asilale kwenye mkojo. Shamba lake la kahawa lililimwa kwa kuchelewa msimu mzima.

"Wewe ni daktari wa serikali?" Regina alimuuliza. "Mshahara unalipwa wapi, nami nikapange foleni?"

Njuki alicheka. Alipenda tu kuona mbuzi wa mwenzake akisimama vizuri, na ugonjwa huo hauna dawa.

Baadaye sifa zilivuka mto. Watu wakaanza kuja na mbuzi kutoka upande wa Siakago, kule kwenye joto na vumbi, na hao walikuwa wageni wasio na nepia. Wao walilipa pesa taslimu bila kusukumwa. Regina alizipokea kwa mkono wake mwenyewe akazitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Kwa mara ya kwanza tangu beberu aje, alianza kuimba akiosha vyombo. Ilibaki kidogo tu mabati yatoshe.

Ndipo akaja Wambeti.

Wambeti alikuwa mjane jirani, mkali wa maneno, mwenye mbuzi mmoja wa kutegemewa. Mbuzi huyo alikuwa wa kwanza kupandwa na beberu wa Njuki, akazaa mtamba mzuri, jike mwenye masikio meupe. Sasa mtamba alikuwa amekua, na Wambeti alimleta kwa kamba, na mzigo wa nepia kichwani.

"Huyu siwezi," Njuki alisema. "Huyu ni binti yake, mama."

"Binti ya nani?"

"Ya beberu. Akipandwa na baba yake atazaa vilema. Yule aliyeniuzia alinikanya sana."

Wambeti alitua mzigo chini. "Ati mbuzi nayo iko na ukoo? Mimi nimeleta mbuzi, sijaleta msichana wa kuolewa. Mbuzi ni mbuzi!"

Na hapo ndipo kijiji kizima kilipokosea pamoja. Watu wale wale ambao wangekataa katakata kijana kuoa ndani ya ukoo wake walisema mbuzi haulizwi ukoo. Na kusema haki, Njuki angeweza kunyamaza. Vilema wangezaliwa miezi mitano baadaye, kila mtu angesema ni kijicho cha jirani au ukame, na mkebe wa Regina ungejaa. Lakini alipotazama kijiji aliona kwamba kila mtamba aliyekuwa akikua alikuwa binti wa beberu wake. Hakukuwa na njia ila beberu aondoke.

Alimpeleka Siakago kwa mtu aitwaye Ngari, aliyekuwa na beberu wa damu nyingine, wakabadilishana. Shida ni kwamba wa Ngari alikuwa mdogo, bado ananukia maziwa ya mama yake. Ingechukua muda mrefu kabla ya kufaa kitu. Wageni wa ng'ambo ya mto sasa walikwenda kwa Ngari, na pesa zikakauka. Kijijini walimcheka: Njuki ameuza dume, kaleta mtoto wa kunyonyesha.

Regina alifunika mkebe, akauweka juu ya kabati, akasogeza kitanda kona nyingine. Muda si mrefu pesa za mkebe zilikwenda kwenye karo ya mtoto wao Muturi. Njuki alijiona mjinga. Alijua amefanya lililo sawa, lakini lililo sawa halikuwa likizuia mvua.

Wambeti naye, kwa hasira, alimpeleka mtamba wake kwa jirani aliyekuwa na beberu kijana, mtoto wa yule yule beberu wa kwanza. Walizaliwa mapacha. Mmoja alikuwa na taya fupi, hakuweza kunyonya, akafa. Wa pili, jike, alikua akapendeza, hata mgeni angempa bei nzuri.

Na mgeni alikuja. Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa 1997. Mama mmoja wa Meru aitwaye Eunice Karwirwa, mnunuzi wa kikundi cha akina mama wakulima, alitaka mbuzi chotara, majike, wengi kwa mara moja. Boma la kwanza kando ya barabara lilikuwa la Wambeti. Jioni hiyo alifika kwa Njuki, akakaribishwa chai, akaeleza mbele ya Regina jinsi alivyofika.

"Nimempenda mbuzi wa yule mama. Nikatoa pesa kabisa. Akasema, rudisha mfukoni. Huyu baba yake na mama yake ni wa baba mmoja, atakuharibia mbuzi zako. Nikamuuliza, sasa nitajuaje wazuri? Akasema, uliza Njuki. Huyo mimi alinifukuza na nepia kwa kichwa."

Njuki alitazama chini. Alimpeleka Karwirwa boma kwa boma. Alijua kila mbuzi mama yake ni yupi na baba yake ni yupi, maana wengi aliwapokea kwa mikono yake, na walipofika penye damu iliyochanganyika alisema hapana, hata mwenye mbuzi akinuna. Karwirwa alimlipa kwa kila mbuzi aliyemchagulia. Alirudi, kisha wakaja wanunuzi wengine waliotumwa naye. Muuzaji alimwamini na mnunuzi alimwamini, na katikati ya watu hao wawili ndipo ilipokaa riziki. Kabla ya miaka ya tisini kwisha alikuwa na ploti sokoni Karurumo na pikapu kuukuu ya kubebea mbuzi.

Lakini mabati yalitangulia vyote. Yalipanda juu ya nyumba Septemba ya mwaka huo huo wa 1997, kabla tu ya ile mvua kubwa ya El Niño, na akina mama wa chama waliimba mpaka sauti zikakwama. Siku ya pili Njuki alikwenda bandani akakuta mtamba wake bora, mzao wa kwanza wa beberu mpya, hayupo.

"Mama Muturi, mtamba ameibiwa!"

"Hajaibiwa. Nimempelekea Wambeti."

"Yule! Si ndiye aliyetutukana kijiji kizima?"

Regina alikuwa akitandika kitanda, katikati ya chumba, mahali ambapo hakikuwa kimewahi kukaa.

"Wewe ulipokataa pesa, Baba Muturi, mimi nilikuwa hapa, nililala njaa na wewe," alisema. "Yeye alikataa pesa akiwa peke yake, na hakuna mtu angejua. Mabati haya umeletewa na yeye. Enda umsalimie."

Njuki alivaa viatu akaenda.